Kabla ya Kuvunja

Imefika juu ya Fuso la machungwa,
imefungwa kamba za mkonge kama mbuzi wa harusi,
nyekundu, milango miwili, tumbo chini mno
hata kuku wa Barabara ya Kumi na Nne
wameizunguka, hawakuona pa kupita.

Mwenyewe ni Shekue, wa Muheza.
Misimu mitatu ya machungwa imesimama pale kwenye vumbi.
Amemtafuta fundi nyuma ya mgongo wangu,
hakumwona, akarudi kwangu:
"Haiwaki. Usukani umekaza kama umemwagiwa zege.
Wa Makorora kasema kompyuta.
Wa Chumbageni kauza betri mpya, kaondoka.
Wa tatu kaja na drili."
Nikamwambia, drili sitaki kuiona hapa.

Naketi. Kiti kinakulaza chali
kama mgonjwa wa meno.
Haina hata tundu la ufunguo, ina kitufe.
Nabonyeza: ndani ya mhimili kitu kinajikuna,
trr, trr, kinaacha.
Kitaa cha njano kinakonyeza. Taa zote. Hakuna taa.
Honi inalia yenyewe, kidogo,
kama mtu aliyekumbuka jambo la aibu.

Watoto wanacheka.
Mimi nasikiliza. Gari ikilalamika mambo kumi kwa pamoja
aghalabu inaumwa moja.

Tairi la mbele limeegemea jiwe la mtaro.
"Kibwana, toa jiwe."
Uzito wote ule ulikuwa unapanda juu,
unaibana pini ya kufuli ndani ya shimo lake.
Nauchezesha usukani, upana wa ukucha,
kushoto, kulia, nabonyeza.
Trr. Karibu. Bado.

Sasa mita. Betri: kumi na mbili na nukta sita.
Betri ya Chumbageni haina kosa, masikini.
Namwambia Kibwana abonyeze, napima penye mota ya kufuli:
nane. Nane na kitu.
Volti nne zimetoka nyumbani, hazikufika.
Wapi zimelala?

Natoa taa ya baba.
Alikuwa fundi umeme wa korona, Kigombe,
na hii ndiyo mirathi: balbu ya pikipiki, waya mbili,
na tabia ya kutukana vyuma kwa Kibondei.
Upande wa moto inawaka, nyeupe.
Upande wa ethi inawaka wekundu wa kaa linalokufa.

Nikalala chini. Pale waya wa ethi unaposhika bodi
bolti imeota ukungu wa kijani,
mweupe pembeni, unaonata kidoleni.
Nikauonja. Ndiyo, nilionja.

"Shekue," nikasema nikiwa bado chini,
namwona viatu tu,
"Muheza hakuna chumvi."

Viatu havikujibu.

"Gari hii ilikuwa wapi?"

Viatu vikasogea, kimoja kikapanda juu ya kingine.
"Raskazone," akasema. "Kwa rafiki. Miezi minane, chini ya turubai.
Mama Rukia anajua pesa ilinunua kiwanja."

Kibwana akajifanya anatafuta spana.

Sikusema neno. Nikafungua bolti, nikasugua msasa
mpaka chuma kikatoa uso wake,
nikapaka grisi, nikakaza kwa pumzi mbili.

Kitufe.
Trr moja, fupi, kama kikohozi cha mtu aliyekata shauri,
na usukani ukalegea mikononi mwangu
taratibu, mzito, mzima.
Injini ikaamka. Kuku wakaruka ukutani.

Akanihesabia elfu ishirini, noti zinanuka maganda.
Akaingia. Akashika usukani, saa tatu na saa tisa,
kama anayefundishwa. Hakuondoka.

Simu yake ikatetemeka kwenye dashibodi.
Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

Akashusha kioo.
"Fundi," akasema kwa sauti ya chini,
"lile jiwe liko wapi?"